UZI: Komoro, nchi yenye watu wachache kuliko Temeke, ilivyobishana na mwendesha mashtaka wa ICC miaka saba kwa ajili ya bendera ya meli

#1 – MamaGati

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba anayeanza kuusoma aumalize ndipo aandike.

Kazi yangu ni kugomboa mizigo bandarini hapa Dar, mwaka wa kumi na nne sasa, ofisi yetu iko Kurasini. Kwenye nyaraka za kila meli kuna mstari ambao wenzangu wengi hawausomi: bendera. Mwenye meli Mgiriki, nahodha Mfilipino, shehena ya mfanyabiashara wa Kariakoo, bendera ya Panama au Liberia. Kwa miaka mingi niliuona mstari ule kama habari ya ada na kodi. Aliyenifumbua macho ni bibi yangu mzaa mama, Mngazija wa Komoro aliyeolewa Unguja akaja kuzeekea Ilala.

Alfajiri ya tarehe 31 Mei 2010 makomandoo wa Israel walivamia msafara wa meli zilizokuwa zinapeleka misaada Gaza, zikiwa bado bahari kuu. Ndani ya Mavi Marmara, iliyokuwa kubwa kuliko zote na yenye abiria zaidi ya 500, waliuawa watu tisa. Wa kumi alifariki 2014 baada ya kulala miaka minne bila fahamu. Redio zote zilisema "meli ya Uturuki". Bibi, yuko barazani na tasbihi yake, akasema: "Meli ile ni ya kwetu." Nikadhani umri umeanza kumchanganya. Kumbe jamaa zake wa Moroni walikuwa wameshampigia simu.

Bibi alikuwa sahihi. Mavi Marmara ilisajiliwa Komoro siku chache tu kabla ya safari. Siku ile ilikuwa chini ya bendera yenye mwezi mwandamo na nyota nne.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo palipo na kisa chote. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai (ICC) iliyoko The Hague, unasema kwenye Ibara ya 12 kwamba mahakama ina mamlaka kama uhalifu umetendeka katika ardhi ya nchi mwanachama au umetendwa na raia wake. Ukitendeka melini au ndani ya ndege, inahesabiwa nchi iliyokisajili chombo hicho. Israel si mwanachama. Uturuki, iliyofiwa na watu, nayo si mwanachama. Komoro iliridhia mkataba Agosti 2006. Kwa hiyo mbele ya sheria, damu ile ilimwagika kwenye sitaha ya Komoro.

Tarehe 14 Mei 2013 Komoro, kupitia wanasheria wa Istanbul, ilipeleka shauri kwa mwendesha mashtaka, mama Fatou Bensouda wa Gambia. Novemba 2014 akajibu: kuna sababu za kuamini kwamba uhalifu wa kivita ulitendeka ndani ya meli ile, lakini shauri halijafikia uzito unaotakiwa na mahakama.

Nchi nyingi zingeishia hapo na kutoa taarifa ya masikitiko. Komoro ilikwenda kwa majaji. Julai 2015 jopo lililoongozwa na jaji Mkenya, Joyce Aluoch, likasema kwa wingi wa kura, wawili kwa mmoja, kwamba mwendesha mashtaka amekosea kupima uzito na alitazame upya. Akakata rufaa, rufaa ikagonga mwamba. Novemba 2017 akarudia jibu lake lilelile. Komoro ikarudi. Novemba 2018 majaji wakamrudishia. Rufaa nyingine, na Septemba 2019 Chemba ya Rufaa ikampa hadi tarehe 2 Desemba alitazame tena. Siku hiyohiyo ya mwisho akajibu: hapana. Komoro ikarudi tena! Septemba 2020 majaji wakasema hawataendelea, na faili likafungwa.

Hakuna aliyeshtakiwa. Nalisema wazi nisije nikaambiwa nimeficha.

Lakini tazameni waliokuwa kando. Katika msafara ule Ugiriki na Kambodia nazo zilikuwa na meli zilizosajiliwa kwao, na zote mbili ni wanachama wa ICC. Shauri lililetwa na Komoro. Uturuki, yenye jeshi kubwa na uchumi mkubwa, mwaka 2016 ilipatana na Israel kwa dola milioni 20 za fidia kwa familia, na Desemba mwaka huohuo mahakama ya Istanbul ikafuta kesi iliyokuwa inawakabili maofisa wa Israel. Tangu hapo, mlango wa jinai uliobaki wazi kwa wale kumi ni ule ulioshikiliwa na visiwa vyenye watu wasiofika milioni moja. Temeke peke yake sensa ya 2022 imeikuta na watu wengi kuliko hao.

Hoja yangu: nchi kubwa inaweza kuishi bila mikataba hii, kwa sababu ina mengine ya kutishia nayo. Nchi ndogo nguvu yake ni saini yake, ila saini hiyo inataka kuhudumiwa. Komoro ilihudumia. Mwaka 2011 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuutekeleza Mkataba wa Roma ndani ya nchi. Sisi tuliridhia tarehe 20 Agosti 2002, miaka minne kabla yao, na mpaka leo sheria ya namna hiyo hatuna.

Na tusijidanganye kwamba habari za bendera ni za Komoro peke yao. Januari 2018 Rais Magufuli alisitisha usajili wa meli za kigeni baada ya meli zenye bendera yetu kukamatwa huko nje, moja na dawa za kulevya, nyingine na vilipuzi. Sote tulizungumzia aibu. Sikumsikia hata mmoja akiuliza: likitokea jambo kama la Mavi Marmara kwenye sitaha yenye bendera ya Tanzania, ni nani wa kulipeleka mahakamani, na kwa sheria gani?

Nawasikiliza.

#2 – Mtoto wa Keko

Mama, umeandika kwa uchungu na nimesoma hadi mwisho kama ulivyoomba. Lakini hiyo mahakama mimi siiamini. Miaka yake ya mwanzo waliopandishwa kizimbani wote walikuwa Waafrika. Kenya tuliona wenyewe, rais na naibu wake wanapanda ndege kwenda The Hague. Leo mzungu akitajwa, wenye nguvu wanaiwekea mahakama yenyewe vikwazo. Komoro ilipoteza miaka saba, ikapata nini? Faili limefungwa. Burundi walitoka 2017, na sisi tungewafuata.

#3 – Mzee wa Tandika

Mwanangu MamaGati, nimeusoma uzi wako mara mbili. Mimi Komoro naijua kwa miguu. Machi 2008 vijana wetu wa JWTZ walitua Nzwani, kisiwa kimoja cha Komoro, pamoja na Wasudani, chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, kumng'oa Kanali Mohamed Bacar aliyekuwa amekishikilia kisiwa. Nilikuwa mmoja wao. Asubuhi ile wanawake wa Mutsamudu walitupokea kwa Kiswahili kilichofanana na cha bibi zangu wa Kilwa, nikajua hawa ni ndugu. Bacar mwenyewe hatukumpata. Alikimbilia Maore (Mayotte), kisiwa kilicho chini ya Ufaransa, kwa mashua, Wafaransa wakampeleka Réunion, baadaye Benin.

Kama mnataka kuelewa kwa nini watu wale wana kiu ya mahakama iliyo juu ya mipaka, ulizeni habari za Bob Denard. Mfaransa, askari wa kukodiwa. 1975 alihusika kumpindua Ahmed Abdallah. 1978 akarudi kwa bahari, akampindua Ali Soilih, na Soilih akauawa kwa risasi mwezi uleule. Abdallah akarudishwa madarakani, naye Novemba 1989 akauawa ikulu mbele ya haohao walinzi wa kukodiwa. 1995 Denard akaja tena kwa boti! Kesi yake ya kifo cha Abdallah ilisikilizwa Paris 1999, akaachiwa huru. Kwa mapinduzi ya 1995 mahakama ya Paris mwaka 2006 ilimpa kifungo cha nje. Nchi nzima iligeuzwa shamba la mtu mmoja, na hukumu ikaandikwa huko alikotoka yeye.

Lakini wazee wetu wa pwani walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Hofu yangu ni hiyo. Sheria nzuri, upepo wa nani?

#4 – MamaGati

Shikamoo mzee wangu. Habari ya Mutsamudu imenigusa, nitaisimulia nyumbani.

Methali hiyo ina mkia: likienda joshi ni Mungu kupenda. Komoro ilipeleka dau lake joshi mara tatu mbele ya majaji, na mara mbili kati ya hizo majaji walimwambia mwendesha mashtaka atazame upya. Yale waliyoandika kuhusu namna ya kupima uzito wa uhalifu, kwamba usihesabu maiti tu, tazama pia walivyotendewa waliobaki hai na athari yake kwa watu wengine, yamebaki kwenye vitabu vya mahakama. Mwanasheria wa nchi nyingine akikataliwa kesho kwa hoja ya "uzito mdogo", ataanzia pale Komoro ilipofika.

Mtoto wa Keko, ndugu yangu, la Waafrika nalichukua kwa uzito wake, usidhani nalipuuza. Ila kumbuka Uganda, Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Mali zilijipeleka zenyewe. Na kutoka hakufuti yaliyokwisha kutendeka. Ufilipino ilijitoa Machi 2019, na Machi 2025 Rodrigo Duterte alikamatwa Manila akasafirishwa The Hague kwa mambo ya kipindi nchi yake ilipokuwa mwanachama. Ukitoka, unachokipoteza ni haki ya wewe kushitaki.

Tena Komoro haikuacha. Tarehe 17 Novemba 2023 ilijiunga na Afrika Kusini, Bangladesh, Bolivia na Djibouti kumwomba mwendesha mashtaka ashughulikie hali ya Palestina. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2024, majaji walitoa hati ya kumkamata waziri mkuu wa Israel, Benjamin Netanyahu. Sisemi Komoro ndiyo iliyoleta hati hiyo. Nasema jina lake lilikuwepo kwenye karatasi, na la kwetu halikuwepo.

#5 – Binti Kisongo

Habari wana uzi. Mimi wa Arusha, nimehamia Dar kikazi. Nimekulia jirani na gereza la Kisongo, na utoto wangu wote niliona magari ya Umoja wa Mataifa yakiwapeleka mahabusu AICC, jengo la mikutano ilikokaa mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, kwenye kesi zao na kuwarudisha jioni. Kwetu lilikuwa jambo la kawaida kama basi la shule. Nilipokua ndipo nilipojua kwamba tarehe 2 Septemba 1998, palepale mjini, Jean-Paul Akayesu, meya wa zamani wa Taba, alitiwa hatiani, na ilikuwa mara ya kwanza duniani mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa mauaji ya kimbari. Majaji wale walisema pia kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kutenda mauaji ya kimbari. Jambo hilo limesemwa Arusha, si Ulaya.

Nimekuja kuongeza nchi ndogo nyingine: Gambia. Mwaka 2018 waziri wao wa sheria, Abubacarr Tambadou, alikwenda Bangladesh kwenye kambi za Warohingya. Alisikia simulizi za waliokimbia Myanmar, akasema ni kama anasikia tena yale ya Rwanda. Alijuaje? Alifanya kazi miaka mingi kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka wa mahakama ya Rwanda, hapa kwetu. Novemba 2019 Gambia ikaishitaki Myanmar mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo si ICC bali huamua kesi za nchi kwa nchi, kwa Mkataba wa Mauaji ya Kimbari. Gambia haina mpaka na Myanmar wala raia aliyeuawa kule. Januari 2020 majaji wote kwa kauli moja wakaiamuru Myanmar iwalinde Warohingya. Kinachonisisimua zaidi ni kwamba nchi hiyohiyo mwaka 2016, chini ya Rais Jammeh, ilikuwa imeshaandika barua ya kujitoa ICC. Serikali mpya ikaifuta barua hiyo Februari 2017.

Mkataba huo wa Mauaji ya Kimbari Tanzania tumo tangu 1984. Alichofanya Tambadou, wanasheria wetu waliopita AICC wangeweza kukifanya.

Kuna jambo moja linaniuma hadi leo. Baadhi ya walioachiwa huru na mahakama ile, au waliomaliza vifungo vyao, hawakuwa na pa kwenda. Rwanda wanaiogopa, nchi nyingine haziwataki. Walikaa kwenye nyumba ya ulinzi Arusha miaka na miaka, wengine zaidi ya kumi, wakiwa watu huru kwenye karatasi tu. Desemba 2021 wanane walipelekwa Niger kwa makubaliano na Umoja wa Mataifa, na kabla mwezi haujaisha Niger ikawaandikia amri ya kuondoka. Nawataja kwa sababu tukisema tunaheshimu mahakama, tuheshimu na hukumu yake inaposema mtu hana hatia, au amemaliza kifungo chake. Hapo nchi nyingi zilijificha, kubwa kwa ndogo.

#6 – Mwanafunzi wa Mlimani

Nashukuru kwa uzi huu. Nasoma sheria, mwaka wa nne. Naomba kurekebisha kidogo na kuongeza.

Kwanza, mama, mtu akikusoma haraka atadhani majaji walikuwa na uwezo wa kumlazimisha Bensouda kufungua uchunguzi naye akagoma. Ibara ya 53 inawapa majaji uwezo wa kumwomba atafakari upya uamuzi wake pale nchi iliyoleta shauri inapolalamika. Uamuzi wa mwisho ni wake. Mabishano ya 2018 na 2019 yalihusu hasa hilo: ombi la majaji linamfunga kiasi gani? Chemba ya Rufaa ikasema hana uhuru wa kupuuza tafsiri ya sheria waliyoitoa majaji, lakini kuupima ushahidi na kuamua ni kazi yake. Kwa hiyo Komoro iliilazimisha mahakama kujieleza kuhusu mpaka ambao ulikuwa haujachorwa. Mimi naona hilo ni kubwa kuliko ulivyoliandika.

Pili, la kwetu. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba. Lakini kwa mfumo wetu, kuridhia hakutoshi: hakimu wa Kisutu hawezi kuusoma Mkataba wa Roma na kuutumia kama sheria ya nchi. Lazima itungwe sheria. Kenya walitunga 2008, Uganda 2010.

Mtasema sheria hizo zinasaidia nini. Agosti 2010 Omar al-Bashir, wakati huo rais wa Sudan, ana hati ya ICC, alikwenda Nairobi kwenye sherehe ya Katiba mpya, serikali ikamkaribisha. Shirika la wanasheria la Kenya likaenda mahakamani. Novemba 2011 jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya, kwa sheria ile ya 2008, akatoa hati ya kumkamata iwapo atakanyaga tena Kenya. Serikali ilichukia, Sudan ikachukia zaidi. Hapa kwetu raia asingekuwa na sheria ya kushika mkononi. Mwenye mlango angekuwa serikali peke yake.

#7 – Mtoto wa Keko

Mwanafunzi, hilo la Bashir sikulijua na nimelipokea. Binti Kisongo, hao wanane wa Niger umenitoa machozi.

Bado nina swali, na nauliza kwa nia safi. Mama umeitaja Djibouti kati ya waliopeleka ombi 2023. Djibouti hiyohiyo ilimpokea Bashir Mei 2011 kwenye kuapishwa kwa rais wao, na ni mwanachama wa ICC. Sasa ahadi gani hiyo? Na huko Komoro kwenyewe mambo ya ndani hayajakaa vizuri. Sambi, aliyekuwa rais nchi ilipoingia ICC na meli ilipovamiwa, amehukumiwa maisha jela 2022 kwa kesi ya kuuza pasipoti. Tunawasifu watu ambao kwao kunawaka moto?

#8 – MamaGati

Swali zuri, na sitalikwepa. Djibouti ilivunja ahadi 2011, na Kenya iliivunja 2010. Nimefanya kazi na wafanyabiashara miaka mingi: mtu aliyekurudishia deni moja akakudhulumu jingine, hulichani deni la kwanza wala husamehi la pili. Unamwandikia yote mawili. Komoro nayo nimeisifu kwa jambo moja, namna ilivyolishikilia shauri la meli yake. Sambi aliondoka madarakani 2011, shauri likapelekwa 2013 chini ya rais mwingine, Ikililou Dhoinine, likaendelea chini ya Azali Assoumani. Kisa cha meli kilipita kwa marais watatu wasioiva chungu kimoja, na faili halikuachwa. Nchi ngapi kubwa zina faili lililovuka kutoka rais mmoja hadi mwingine bila kutupwa?

Mwanafunzi, asante kwa kunirekebisha kuhusu Ibara ya 53. Nimeelewa, na wasomaji wamshike yeye hapo, wasinishike mimi.

Bibi alifariki 2018, shauri bado likiwa mahakamani. Kila nilipomtembelea aliniuliza: "Wamesemaje?" Nikimwambia wamerudisha tena, anasema, "Basi na sisi turudi." Hakuwahi kuniuliza kama tutashinda.

#9 – Mzee wa Tandika

Mwanangu, Mungu amrehemu bibi. Nimenyamaza siku mbili nikiwaza. Hiyo sheria ya Kenya na ya Uganda, zina kurasa ngapi? Haziwezi kuwa ngumu kiasi cha kutushinda miaka zaidi ya ishirini.

#10 – Mwanafunzi wa Mlimani

Si ngumu, mzee, na mifano ya kuanzia ipo kwa majirani wanaotumia mfumo kama wetu. Mimi na wenzangu wawili tunaandaa barua kwa wabunge: kwa nini sheria ya kuutekeleza Mkataba wa Roma haijaletwa bungeni tangu 2002, na bendera ya meli zetu iwekwe humo kwa jina lake. Rasimu naiweka hapa Ijumaa jioni. Kila mtu ampelekee mbunge wa jimbo lake.

#11 – MamaGati

Mimi nakaa Mtoni. Nakala ya Temeke nitaipeleka mwenyewe.

#12 – Mtoto wa Keko

Keko iko Temeke, mama. Tunakwenda pamoja.